Umbali wa Kiti cha Mama

Mama yangu aliumwa kichwa majira mazima ya baridi, na sisi wanawe wawili tuliyamaliza majira hayo tukibishana kuhusu inchi. Nalisema mapema ili mtu asidhani nasimulia kichekesho. Ziko sehemu zinazochekesha, nami nilizicheka wakati ule, lakini nikizikumbuka sasa mwili unanisisimka.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Iringa, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba aliyoijenga mlimani ambako upepo wa mwezi wa saba unapenya hadi kwenye mifupa. Mama alikuwa anakaa kwake. Mimi niko Mbeya, Iyunga, katika nyumba ya zamani isiyo na dari, bati lake limechoka. Mdogo wangu akija kwangu alikuwa ananitania kwamba mtu akipiga chafya sebuleni, majirani wanamwambia afya. Yeye kwake aliziba kila ufa. Dari ni la jipsamu, milango imewekwa mpira kuzunguka fremu, na chini ya mlango wa sebule wifi yangu alikuwa anakunja gunia. Lilibaki dirisha moja tu, na hilo mama alikuwa haachi kulifungua kidogo, baridi iwe kali namna gani. Wifi alikuwa akilifunga, mama analifungua. Hakuwa na sababu ya kueleza, ni mazoea tu ya nyumba za nyasi alizokulia.

Halafu ikaja televisheni. Watu wenye akili hupima sebule kwanza, ndipo wanakwenda dukani. Mdogo wangu alinunua kwanza, inchi sitini na tano, kisha akaanza kuitafutia mahali. Nilikuwapo siku hiyo, nimekwenda kumsalimia mama. Fundi alikuja na tepu yake, akaivuta kutoka kochi hadi ukuta ilipokuwa televisheni ya zamani, akatikisa kichwa.

"Bosi, hapa ni karibu mno," alisema. "Skrini ya namna hii inataka mita mbili na nusu, tena kuanzia hapo kwenda mbele. Ukikaa hapa utakuwa unageuza shingo kama unaangalia tenisi."

Ukuta pekee uliotoa umbali huo ulikuwa ule wa dirisha.

"Basi dirisha tunaliziba," mdogo wangu alisema, bila hata kufikiri. "Kwanza mwanga wake ungeharibu picha."

"Na hewa yangu?" mama aliuliza.

"Mama, humu utaona dunia nzima. Dirisha la kuona migomba ya jirani la nini tena?"

Mama alicheka, nasi tukacheka. Fundi aliziba dirisha kwa ubao mnene, akafunga juu yake bano la chuma la kushikia televisheni, na kuipandisha. Chumba kikawa kimya kuliko kawaida, kwa sababu sauti ya upepo ilikatika. Nakumbuka nilisifu ule ukimya.

Sasa, kwetu huku nyanda za juu jiko la mkaa ni mwanafamilia. Jioni, na mchana pia baridi ikizidi, unaliwasha nje, unasubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo unaliingiza ndani na watu wanalizunguka. Kila mtu anajua kwamba hulali na jiko chumbani. Tumeonywa tangu utoto, na kila mwaka tunasikia kuna waliolala nalo hawakuamka. Lakini sebuleni, mchana, watu wakiwa macho wanapiga soga, hakuna anayeliogopa. Tunasema makaa yaliyokolea hayana ubaya.

Wiki chache baadaye mama alinipigia simu. Tulisalimiana "kamwene" zetu, kisha akaniambia kichwa kinamgonga. Mchana anatazama habari peke yake, wengine wakiwa kazini, ikifika jioni anahisi kizunguzungu na kichefuchefu.

"Ni lile lidude," nilimwambia. "Umekaa karibu nalo. Mwambie asogeze kiti."

Mdogo wangu akasogeza kiti nyuma. Mama alikuwa na kiti chake chenye mto, na jiko lake dogo miguuni, kwa hiyo kiti kiliposogea jiko nalo lilisogea, hadi vyote viwili vikawa kwenye kona ya ndani kabisa. Kichwa hakikuacha. Wifi akapunguza mwanga wa skrini. Wakampeleka kupima macho, akapewa miwani. Jumapili akienda kanisani kichwa kilikuwa kinatulia, na akikaa sana kwenye ibada anarudi mzima, anaimba. Akishaketi sebuleni nusu siku, kinaanza upya.

"Umeona?" nilimwambia mdogo wangu kwenye simu. "Kanisani hakuna televisheni."

"Dada, hii TV siyo kubwa. Umbali uko sawa, fundi alipima."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Mama anaumwa kwa ajili ya kiherehere chako."

Tuligombana hivyo mwezi mzima. Mimi nina hasira za karibu, naye ni mbishi toka tumboni. Mwishoni nilimwambia amlete mama kwangu apumzike, ndipo tutajua nani mkweli.

Mama alikuja Iyunga, akakaa nami wiki mbili. Nina televisheni ndogo, iko juu ya kabati la vyombo, na mama alikuwa anaitazama kutwa, tena kwa karibu kuliko alivyokaa Iringa. Jiko lilikuwepo vilevile miguuni pake, upepo ukipita kati ya bati na ukuta na kutupeperushia majivu. Kichwa hakikumuuma hata siku moja. Alikula vizuri, mashavu yakamjaa, akawa ananitania kwamba chumba changu kingefaa kuhifadhia nyama.

Nilijiona mshindi. Nilimpigia mdogo wangu nikiwa nimesimama mlangoni, mama akinisikiliza. "Asiyesikia la mkuu," nilianza, naye akakata tamaa. Akakubali kuiuza, anunue ya inchi arobaini na tatu, mteja alishapatikana. Tuliagana vizuri. Mama alirudi kwa basi, na lilipopita Chimala akanipigia kuniambia amenunua mchele wa Ubaruku, mpya, unanukia hadi ndani ya mfuko. Ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake ikiwa na furaha.

Mteja wa televisheni hakuwa amekuja bado. Wifi alitoka kazini siku ya baridi kali na ukungu, akakuta mlango umefungwa na gunia liko chini yake, skrini inawaka, mtangazaji anaendelea kuongea. Mama alikuwa ameegemea mto wake kwenye ile kona, na jiko limebaki majivu. Alidhani amesinzia. Alimwita, akamgusa bega, kisha akapiga kelele majirani wakaja. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshafariki. Kwa umri wake kila mtu alisema ni presha, nasi tukaamini. Mdogo wangu alikuwa anasema, "Dada, ningeiuza mapema," na mimi, Mungu anisamehe, sikumpinga.

Tulimzika mvua ya manyunyu ikinyesha. Tuliporudi, wanawake waliingia sebuleni, wakaketi kwenye mikeka bega kwa bega. Televisheni ilikuwa imezimwa tangu siku ya msiba, imefunikwa kitenge. Mtu alileta jiko lenye makaa mekundu, akaliweka katikati yetu, na mwingine akasukuma mlango. Tuliimba tenzi mbili tatu. Kichwa kikaanza kuniuma.

Nilidhani ni kilio. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, aliyekuwa ameketi kando yangu, akajikanda paji la uso na kusema naye kinamgonga. Mama mmoja aliinuka akitaka kutapika. Nikatazama kile kitenge ukutani. Nyuma yake skrini ilikuwa nyeusi, haijamulika mtu kwa siku kadhaa. Nikatazama jiko. Hapo nilielewa.

Sikumbuki nilivyosimama. Nilibeba jiko kwa upande wa kitenge changu, nikalitupa uani, makaa yakalia kwenye matope. Nikarudi nikimwita mdogo wangu, nikamwonyesha ukuta. Nilisema neno moja tu, "dirisha". Aliutazama ukuta, kisha jiko lililolala uani. Aling'oa kitenge na televisheni pamoja, bano likiwa limeshikilia kipande cha ubao, akaiacha ianguke. Akaingiza vidole nyuma ya ubao, akauvuta hadi damu ikamtoka kwenye kucha. Dirisha likafunguka, na ukungu wa Iringa ukaingia chumbani juu ya vichwa vya waombolezaji.

Shangazi alijivuta khanga hadi masikioni.

"Jamani, baridi yote hii mnafungua dirisha?" alisema. "Mnataka kutuua?"