Santuri Iliyopakwa Mafuta

Kaka yangu mkubwa anaimba vitu ambavyo mtu mwenye akili zake haviimbi. Ana wimbo wa kukatika kwa umeme, wimbo wa mbuzi aliyekula karatasi za ofisini, na mmoja mrefu wa samaki wa ziwa Tshangalele anayelalamikia bei yake sokoni. Gitaa lake ni galoni ya mafuta. Zote alizirekodi nyuma ya jikoni kwetu, mtaa wa Kikula, kelele za nyumba zikiwemo, maana kwake kelele nazo ni muziki. Basi akatokea mzungu mmoja akampenda, akamtengenezea santuri. Santuri! Mji huu wa Likasi, ambako watu wote wanasikiliza muziki kwenye simu! Boksi lilipofika, shangazi alichukua mbili za kufunikia sufuria.

Baba hakutaka hata kuziona. Tangu kaka aache kwaya ya kanisa, miaka mingi sasa, mzee alikuwa hamsemeshi. Salamu zao zilipitia kwangu, mimi ndiyo posta. Kaka alitaka kitu kimoja tu: baba asikilize upande wa kwanza. Kwa nini, hakusema. Nilimbembeleza mzee mpaka akakubali, kwa sharti kwamba shemasi aje kwanza kuitakasa.

Kwetu kitu kipya hakiingii ndani bila kuombewa. Friji yetu iliombewa siku nzima, na mpaka leo haigandishi. Shemasi akaja na chupa yake ya mafuta.

"Papa shemasi," nikamwambia, "hii haipakwi mafuta."

"Weye mama, unamutetea nani, shetani? Minye napakaka hata malori!"

Akachora msalaba juu ya santuri kwa kidole chenye pete ya shaba, akikandamiza kweli kweli. Tulisikia mkwaruzo. Kaka akafumba macho. Lo, siku hiyo nilitamani kumzaba kofi mtu wa Mungu!

Tukaiweka kwenye gramafoni ya jirani, karani mstaafu, ambaye miaka yote alikuwa ameifanya meza ya televisheni. Mbuzi akala karatasi zake vizuri, baba amenuna tu. Halafu sindano ikafika kwenye msalaba wa shemasi, ikakwama. Nyuma ya gitaa, kutoka jikoni, ikasikika sauti ya mama yetu, ambaye tulimzika mwaka mmoja baada ya kaka kurekodi: "Baba watoto, kuya kula!" Sindano ikaruka, ikarudi palepale. "Baba watoto, kuya kula!" Mama alimwita mezani hivyo kila siku, mara tatu, mara nne, kwa sababu baba hakuwahi kuinuka kwa wito wa kwanza.

"Pepo!" shemasi akapayuka. "Toka!"

Kaka akanyoosha mkono ainue sindano.

"Acha," baba akamwambia. Ndilo neno la kwanza alilompa kwa miaka yote ile. Kisha akamgeukia shemasi. "Na weye, nyamaza. Bibi yangu anaongea."

Mama akaita tena. Baba akajibu kwa ukali uleule wa zamani, "Ngoja kwanza, minakuya!"