Asubuhi Arobaini za Riat

Rafiki yangu Robinson ana kitambi. Siku ya thelathini na tatu ya maombi yetu, simu ilinionyesha akishuka mlima wa Riat kwa kasi ya kilomita arobaini na sita kwa saa.

Mimi hufundisha fizikia. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia hivyo.

Wacha nianze mwanzo.

Mke wangu Debra alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika wiki ya ishirini na nne, daktari alimwamuru alale, asibebe hata ndoo.

Robinson ni mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyenifundisha kuomba nikikimbia. Kabla yake nilikuwa Mkristo wa harusi na matanga. Alinitoa nyumbani Nyamasaria saa kumi na moja alfajiri, tukaacha gari sokoni Otonglo, tukaanza kupanda.

"Ukikaa kitini unampigia Mungu hotuba," aliniambia. "Ukipanda mlima, pumzi inabaki ya neno moja tu. Hilo ndilo ombi lako."

Nilipima mwenyewe, nikaona ni kweli.

Kwenye kona ya tatu, mapafu yakiwaka, sikuwa na nafasi ya kupamba maneno. Debra, nikipeleka mguu wa kushoto. Mtoto, nikipeleka wa kulia. Tulipofika juu, ziwa likiwa limetandaa chini yetu, nililia mbele ya mwanamume mwenzangu. Naandika hilo kama tukio, si kama sifa.

Tukaweka agano. Asubuhi arobaini kwa ajili ya mtoto, bila kuruka hata moja.

Siku ya tisa nilikanyaga mtaro, kifundo cha mguu kikavunjika.

Robinson alikuja kunitazama hospitalini.

"Agano halivunjwi na mfupa, bwana Tom. Nitapanda kwa niaba yako."

Akanitumia kiungo cha kumfuatilia kwenye simu. Kila saa kumi na mbili asubuhi niliweka mguu wangu wenye plasta juu ya stuli, Debra akaweka mkono tumboni, tukaitazama ile nukta ya bluu ikipanda. Kila kona tuliomba. Kisha iliingia sauti ya Robinson akihema: "Nimefika juu. Mungu ni mwema."

Debra alianza kulala usiku. Mimi nilianza kuamini kwa namna ambayo sikuwa nimeamini kanisani.

Halafu zikaja zile kilomita arobaini na sita.

Nilidhani ni hitilafu. Nikafungua rekodi za nyuma, nikachukua kalamu.

Tangu siku ya kumi na nne, nukta ilikuwa ikisimama kwenye mageti kumi na moja. Mageti yale yale. Dakika mbili tatu kila geti.

Na ile sauti ya "nimefika juu" ilikuwa ikiingia nukta ikiwa bado geti la nne.

Sikumwambia Debra. Nilimwambia naenda kliniki. Huo ni uongo wangu, nauweka hapa pamoja na wa wenzangu.

Kesho yake alfajiri nilichukua tuktuk hadi Otonglo, nikasimama kwa magongo pale njia ya Riat inapoanzia. Nukta ilikuja. Ilikuwa baiskeli nyeusi yenye mitungi miwili ya maziwa, na simu ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kwa usukani.

"Hiyo simu ni ya nani?"

"Ya Mzee Robinson, ile yake ya pili," mwenye baiskeli akasema. "Kwani wewe ni polisi?"

"Mimi ni Tom, wa Nyamasaria."

"Owiti. Lakini huko juu wananiita tu Maziwa."

Simu yangu ikalia. Nikacheza ujumbe wa Robinson kwa sauti.

"Bwana Tom... niko kona ya tatu... miguu inawaka... lakini tunasonga..."

Owiti akatazama mlima. Akatazama simu.

"Omera, ndugu yangu, huyo anapanda nini? Kitanda?"

Sikucheka.

"Alikuambia nini kuhusu hii simu?"

"Alisema kuna mama mjamzito ako na shida, na bwana yake ameumia. Simu ipande mlima kila asubuhi, nisizime. Yeye goti inamsumbua." Alikaza kamba ya mtungi. "Mimi nikaona, sasa simu itaomba aje? Si basi niombe mimi."

"Unaomba?"

"Hapo kona ya tatu siwezi endesha. Nashuka, nasukuma. Huwezi ongea mingi na huo mzigo. Nasema tu, Nyasaye, yule mama. Nasukuma. Nyasaye, yule mama." Akafuta usukani kwa kiganja. "Wetu alienda akiwa miezi saba tumboni. Hiyo maneno naijua."

Niliegemeza gongo, nikaukaza ule mfuko wa nailoni.

"Na anaitwa nani?" akauliza. "Sikuambiwa jina."

"Debra."

"Debra." Akalijaribu mdomoni kama mtu anayepima uzito. "Sawa. Hiyo ni fupi, itatoshea."

Akaondoka na maziwa yake, nami nikabaki kungoja.

Robinson alifika saa moja na nusu kuchukua simu, amevaa ndara, anatafuna mandazi. Aliponiona aliacha kutafuna.

"Ulipanda siku ngapi?"

"Nne."

"Na kuhema?"

"Nilikuwa naruka ruka kwa sebule." Alitazama chini. "Goti lilikataa, Tom. Sikutaka mvunjike moyo. Tafadhali usimwambie Debra saa hii, presha itapanda."

Hoja hiyo ilikuwa sahihi kitabibu, nikaikubali. Kwa sharti moja: asizitaje asubuhi zile mbele ya watu, maisha yake yote. Akaapa.

Siku sita zilizobaki nilitembea kwa magongo kando ya baiskeli hadi kona ya kwanza. Zaidi ya hapo sikuweza. Owiti alimalizia.

Binti yetu alizaliwa wiki ya thelathini na nane, kilo mbili nukta tisa. Mtoto mmoja hathibitishi kitu, na mimi siwezi kujifanya anathibitisha. Nilimweleza Debra yote alipotoka hospitalini. Akauliza, "Huyo Owiti tutamwalika lini?"

Jumapili ya kumweka mtoto wakfu, Robinson aliomba maikrofoni.

"Asubuhi thelathini na moja," alisema, machozi yakimtoka, "nilipanda Riat kwa ajili ya mtoto huyu." Akaeleza kona ya tatu. Akahema. Kanisa lote likasimama kumpigia Bwana makofi.

Nami nikasimama.

"Nne," nikasema. "Mzee alipanda siku nne. Zilizobaki alipanda muuza maziwa anayeitwa Owiti."

Pasta akaanzisha wimbo haraka.

Miezi mitano sasa. Robinson bado ni mzee wa kanisa. Msaliti ni mimi, wanasema, niliyemwaibisha mtumishi wa Mungu siku ya baraka ya mtoto wangu mwenyewe. Akina mama waliokuwa wakimletea Debra uji hawaji tena.

Mguu umepona. Napanda Riat mara tatu kwa wiki, na ninaomba vizuri kuliko zamani, ingawa kuna jina moja, la aliyenifundisha, ambalo bado pumzi inakataa kulibeba.

Mtu akikuahidi kukuombea, usisikilize anavyohema. Panda naye.