Kikuzaji Kilichokataa Kutulia

Wenzake kazini walimwita Dada Mluzi, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa mbunifu wa saketi, na kwa muda mrefu alihangaika na kikuzaji, yaani saketi ya kukuza ishara ya sauti, cha kifaa cha kuwasaidia wasiosikia vizuri. Betri yake ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, nayo ilitakiwa kuendesha kibamba kinachotetemeka ili kitoe sauti. Kibamba hicho kilikuwa mlafi. Kilifanya kama kapasita kubwa: kila wimbi la sauti likija, lazima kijazwe umeme, kisha umeme huo umwagwe.

Chipu ya kwanza iliporudi kutoka kiwandani, ikiwa peke yake ilitulia kama maji mtungini. Ilipounganishwa na kibamba, ikapiga mluzi kama birika. Ishara ilipita hatua tatu za ukuzaji, ikachelewa njiani, ikarudi mwanzoni wakati si wake, na saketi nzima ikawa inajikimbiza yenyewe.

"Ongeza mkondo wa umeme, yaishe," meneja alimwambia.

"Nikiongeza, bosi, betri haifiki adhuhuri. Nani atanunua sikio la nusu siku?"

Akaichora upya. Akaweka kapasita ndogo ya kurudisha sehemu ya ishara kutoka mwisho hadi katikati, na njia ya pembeni ya kuiwahisha sehemu nyingine mbele bila kupita hatua zote. Alipoijaribu kwenye kompyuta, mambo yalikuwa shwari. Lakini ya kompyuta ni ya kompyuta. Meneja naye alishatamka: hii ikishindwa, mradi unafungwa.

Chipu mpya zilipofika, yeye na fundi wa maabara, mzee aliyeitwa Babu Waya, waliunganisha moja na kibamba, wakawasha. Kwenye kioo cha kipimo wimbi likaota meno, dalili ya mluzi uleule.

Dada Mluzi akatafuta kiti.

"Basi tena, babu. Yamenikuta."

"Pole, mwanangu."

Alikitazama kioo kwa hasira, kama anayetazama mtoto mkaidi. Meno yale mara yalikuwa marefu, mara mafupi. Mluzi wa saketi hauna tabia hiyo; wenyewe huwa wa kimo kimoja.

"Hebu zima umeme wa chipu."

Babu Waya akazima. Meno yakabaki palepale; kumbe hayakutoka kwenye chipu. Dada Mluzi akazifuata nyaya za mezani moja moja hadi kwenye soketi.

"Babu! Hii chaja ya simu ni ya nani?"

"Ya... yangu," mzee akasema, akiichomoa haraka huku akiona haya.

Kioo kikaonyesha mstari mnyoofu. Wakawasha chipu tena. Wimbi likapanda na kushuka, laini, kibamba kikiwa mahali pake na mkondo ukiwa mdogo kama alivyoukusudia. Dada Mluzi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akampigia mumewe.

"Kimenyamaza!"

"Nani? Mtoto?"

"Kikuzaji!"

"Afadhali, mke wangu. Maana ulikuwa unakigombeza hata usingizini."

Alipokata simu akagundua kuwa njaa inamuuma. Akaketi dirishani na mkate wake, akaula wote, taratibu, bila kuwaza kitu.