Datin Aliyegeuka Puan

Mwanahawa wa Wete alikuwa mfanyakazi wa ndani kule Lusail, Qatar, kwa familia ya Wamalaysia. Bwana mwenye nyumba, Azman, alitunukiwa na sultani wa kwao cheo cha Datuk, na kwa cheo hicho mkewe, Rohana, akawa Datin. Mwanamke asiye na cheo huko kwao huitwa Puan, kama sisi tunavyosema Bi. Neno hilo Rohana hakutaka kulisikia tena. Ukimpelekea maji bila kutamka Datin, glasi inarudi jikoni.

Mchana mmoja dereva wa nyumba, Ibrahimu, alipiga simu ya jikoni akiwa mjini. Kaka yake Mwanahawa alikuwa amemtafuta: mama yao yu hoi, anataka kusikia sauti ya bintiye. Simu ya jikoni haikupiga nje ya Qatar, na ya Mwanahawa ilifungiwa kwenye droo ya bibi mwenye nyumba mpaka kazi ziishe. Akakimbilia sebuleni, mbele ya wageni.

"Puan, naomba simu yangu. Mama anakata roho."

Rohana aliweka kikombe chini. Kwa upole kabisa akamwambia atoke, aingie upya, aseme ipasavyo, kisha amimine chai kwanza. Mwanahawa akatoka. Akaingia. Akasema Datin, akamimina chai. Alipopewa simu na kupiga Wete, kaka yake alipokea, na nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

Hakugombana. Mkataba ulipokwisha alipata kazi hotelini West Bay, huko huko Qatar, ya kupokea wageni mlangoni mwa ukumbi, lakini kinyongo alihama nacho. Kila alipokutana na Ibrahimu alidodosa habari za nyumba ile. Ndivyo alivyosikia kwamba Datuk amempa Rohana talaka na kuoa mwingine, na Datin sasa ni huyo mpya. Rohana hakuwa amemwambia mtu. Rafiki zake walidhani mume amesafiri.

Haukupita muda, wanawake wa Kimalaysia wakakodi ukumbi kwa chai ya alasiri. Msimamizi, Mkenya aitwaye Shiru, alimwagiza Mwanahawa amwite kila mgeni kwa cheo chake. Rohana akaja katikati ya rafiki zake, amevaa hariri. Hakumtambua mtu wa mlangoni.

"Karibu, Puan Rohana," Mwanahawa alisema, kwa sauti ya kufika mezani.

"Datin," Rohana akamsahihisha.

"Datin ni mke wa Datuk Azman. Wewe amekuacha, Puan."

Hapo Rohana alimtazama vizuri, akamjua. Rafiki aliyemshika mkono akauachia. Rohana akageuka, akaondoka bila kuonja chai.

Shiru alifoka, kisha akamhamishia Mwanahawa chini, kwenye chumba cha kufulia. Mwanahawa hakujuta. Lililomuuma ni kwamba raha ile ilikuwa fupi mno. Aliirudia kichwani akipiga pasi mashuka, kila mara akimwongezea Rohana machozi ambayo hakuyatoa.

Siku Ibrahimu alipomletea habari kwamba Rohana amefunga virago na anarudi kwao jioni hiyo, Mwanahawa aliweka pasi kando, akauliza ndege inaruka saa ngapi.

"Ya nini tena? Si yamekwisha?"

"Hakuniuliza hata jina la mama yangu. Nataka aondoke nalo."

Ibrahimu alikataa kumpeleka uwanjani. Mwanahawa hakumsemesha mpaka Ramadhani.