Mkwe, Pasi na Mnyororo wa Nukta

Familia ya mumewe ilimwita Nukta, kwa sababu ya ugonjwa wake. Waandishi wenzake wa programu za kompyuta wakiandika maagizo matano kwa mistari mitano, yeye aliyaunga yote kwenye mstari mmoja, nukta katikati, kisha akasogeza kiti nyuma na kuutazama mstari wake kama mama anayetazama mwanawe akipewa zawadi shuleni.

Mama mkwe wake, mwenye duka la dobi chini ya nyumba wanayoishi, hakuona mstari wala kazi. Aliona mtu mzima amekaa kitako kutwa nzima anabonyeza-bonyeza. Kwa hiyo nguo zikizidi, sauti ilipanda ngazi: "Wewe mkwe, kwa vile huna kazi, shuka utukunjie mashuka!" Nukta alishuka, mikono inakunja, mdomo umevimba. Hakutaka kitu kingine duniani ila mama yule akiri, hata mara moja, kwamba mkwewe ni mtu wa kazi.

Ndipo akajitolea kuliandikia duka programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Mzigo wa mteja ungepita hatua zote kwa pumzi moja: mzigo.pokea().fua().kausha().pigaPasi().kunja(). Siri ya mnyororo wa namna hiyo ni ndogo. Kila hatua ikimaliza kazi yake lazima irudishe mzigo uleule, ili hatua inayofuata ipate cha kushika. Nukta alijaribu kila hatua peke yake, zote zikakubali. Mnyororo mzima hakuujaribu, kwa pupa ya kusifiwa, na haraka haraka haina baraka.

Siku ya kuonyesha, mama mkwe aliegemea kaunta, miwani puani, mpiga pasi wake nyuma yake, na wateja wawili wasiokuwa na haraka ya kwenda popote.

"Haya, tuone hayo maajabu."

Nukta akabofya. Kupokea, sawa. Kufua, sawa. Kukausha, sawa. Ilipofika zamu ya pasi, maandishi makubwa yakatokea: PASI YA MAMA HAINA MPINZANI! Mama mkwe akajikohoza kwa furaha. Kisha skrini ikawa nyekundu.

"Imekufa?"

"Haijafa, Mama. Imekwama kwenye kukunja."

"Kumbe imekufuata wewe."

Wateja wakaangua kicheko. Nukta akainamia kompyuta, jasho linamtiririka, akatafuta mpaka akaona, na alipoona akatamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa ile sifa. Alikuwa ameitia mwenyewe ili amlainishe mama mkwe. Haikumtosha ionekane kwenye skrini. Kwa unyenyekevu uliopitiliza, aliirudisha pia kama jibu la hatua ya pasi. Mzigo ukaachwa nyuma, sifa ikapelekwa mbele, na hatua ya mwisho, maskini, ikaambiwa ikunje maneno.

Angeweza kusingizia umeme. Umeme umezoea kusingiziwa. Lakini aliona aibu kudanganya.

"Mama, kosa ni langu. Pasi imerudisha sifa zako badala ya nguo."

Mama mkwe akavua miwani. "Yaani mteja kaleta shuka, wewe unampa sifa zangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Sifa hazikunjwi, mwanangu. Rudisha shuka."

Nukta akafuta, akaandika pasi irudishe mzigo wenyewe, akabofya. Mnyororo ukapita mpaka mwisho bila kukwaruza.

Mama mkwe hakusema asante, hilo neno lilikuwa ghali kwake. Aliuliza tu: "Na zulia je? Zulia halipigwi pasi."

"Naichomoa pasi kwenye mnyororo, Mama, hatua nyingine zinashikana."

"Na blanketi?"

Mama akavuta kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata mpiga pasi hakuthubutu kukikalia, akakisukuma nyuma ya kaunta. "Kaa uandike."

Nukta akakaa. Maswali yakaendelea mpaka jioni, wateja wakaondoka, simu ya mama mkwe ikalia. Alikuwa mwanawe, huko juu, ana njaa, anauliza mkewe kapotelea wapi.

"Yuko kazini," mama mkwe akajibu. Vidole vya Nukta vikasimama, machozi yakamlenga. "Jikoni unakujua. Pika, kisha umletee mkeo chake."