Tunda Tulilozika

Ndugu yangu mdogo alipotea ziwani msimu wa upepo, akiwa ametoka kuvua omena karibu na Kendu Bay. Wenzake wawili walishikilia ubao mpaka boti nyingine ikawaokota. Yeye hawakumwona tena tangu mtumbwi ulipopinduka.

Kwetu watu husema ziwa hurudisha kilichochukuliwa, mradi uwe na subira. Kwa hiyo tulikaa ufuoni tukingoja. Mama alikuwa akiketi juu ya mtumbwi mbovu uliofudikizwa, leso mabegani, na kila boti ilipoingia alisimama. Wavuvi walizoea kutikisa kichwa wakiwa bado mbali, ili asije akaingia majini bure. Mwishowe baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba afariki, alisema mtu hawezi kuachwa hivi hivi bila kaburi. Akaamua tufanye kama Wajaluo wafanyavyo mtu akipotelea majini asipatikane: tuzike tunda la yago mahali pake.

Yago ni mti ambao Kiswahili huuita mwegea. Matunda yake huning'inia kwa vikonyo virefu kama kamba, marefu kama mkono wa mtu mzima, mazito, magumu kama kuni. Mimi naishi Migori, nina kitalu cha miche kando ya mto, na yago mmoja mkubwa umesimama karibu na ninapochota maji. Ule uliokuwa karibu na nyumbani ulishakatwa, ukachomwa makaa. Baba mdogo alinipigia simu akaniambia nilete tunda mimi.

Asubuhi hiyo nilikaa muda mrefu chini ya mti. Kazi yangu ni mbegu, najua kuchagua. Mbegu nzuri ni ile nzito, ambayo haijatobolewa na mdudu, iliyotoka kwa mti wenye afya. Lakini siku ile sikujua nachagua nini. Ndugu yangu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama mbele kidogo. Nilikata tunda moja refu. Halafu nikaona limekonda mno, nikaingiwa na hofu kwamba nimemdharau, nikakata la pili, fupi na nene. Nikayafunga yote mawili kwenye leso nikaenda nyumbani.

Baba mdogo alichagua lile refu. Wakaliviringisha ndani ya shati la ndugu yangu la kwenda kanisani, wakalifunika shuka nyeupe, wakaliweka kwenye jeneza. Kaburi lilichimbwa kwenda chini kama la mtu yeyote. Mchungaji aliomba, kisha akasogea kando akatuachia lililobaki. Watu walilia, mimi nikiwa mmoja wao. Mama hakulia. Baadaye aliniambia kwamba alijaribu, lakini kila alipolitazama jeneza aliona tunda.

Lile la pili nilikuwa nimeliweka chini karibu na rundo la udongo, na kwa yote yaliyofuata sikulikumbuka.

Mvua za masika zilipokolea, baba mdogo alipiga simu tena. Alisema kaburi limeota miche, na si magugu. Majani anayajua, ni yago. Alitaka ing'olewe ingali midogo. Mti uliozikwa badala ya mtu, alisema, haufai kusimama ndani ya boma, maana ukikua utaita wengine. Ila Mama alikuwa amekataza mtu yeyote asiiguse. Alizungushia kaburi chandarua kikuukuu ili kuku wasichakure, na kila asubuhi alipeleka maji, hata kama usiku mvua ilikuwa imenyesha. Baba mdogo aliniomba nije nizungumze naye, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo ya miti.

Nilipofika nilimkuta Mama amechuchumaa kaburini, akinyoosha majani kwa vidole. Miche ilikuwa imebanana mahali pamoja, upande wa miguuni, kama vifaranga. Nilielewa mara moja, na moyo ukaniuma.

Mbegu za yago hukaa ndani ya nyama ngumu ya tunda. Tunda zima likikaa juu ya ardhi, mbegu zaweza kusubiri muda mrefu; mpaka nguruwe mwitu alivunje, au nyani, au lioze lenyewe. Zikishatoka, zikapata udongo wenye joto na unyevunyevu, zinaota upesi. Lakini mbegu ina chakula kile kile tu ilichopewa na mama yake. Ukiifukia chini sana, inakimaliza njiani, inafia gizani kabla ya kuona mwanga. Wanawake wanaonisaidia kitaluni mimi huwaambia wafunike mbegu kwa udongo kidogo tu, wasiizike. Hakuna mbegu inayoweza kuchomoza kutoka chini ya kaburi.

Ile miche ilikuwa imeota upande ule ule lilikokuwa rundo la udongo siku ya mazishi. Wanaume walipokuwa wakifukia, walilikokota lile tunda la pili pamoja na udongo wa mwisho, na bila shaka jembe la mmoja wao lililipasua.

Mama hakugeuka kunitazama.

"Wewe ndiye mtu wa miche," alisema. "Niambie, nyathina. Hii imetoka kwake?"

Njiani nilikuwa nimejiambia kwamba akiniuliza nitasema ndiyo. Lakini Mama hakuwa ameniita mtoto wake tangu msiba ule, na sikuweza.

"Hapana, Mama. Mbegu haiwezi kutoka chini pale. Nilileta matunda mawili. Hii ni ya lile la pili, lilichanganyika na udongo wa juu."

Aliendelea kushika jani moja.

"Na lile tulilozika?"

"Liko chini."

"Halitaota?"

"Halitaota. Litaoza tu mpaka liwe udongo."

"Kama mtu," alisema.

"Kama mtu, Mama."

Ndipo alipoketi kwenye tope, akalia. Alimwita ndugu yangu kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Nilimshika mabega na sikumwambia anyamaze. Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni akitungoja, alivua kofia akaingia ndani.

Kesho yake Mama mwenyewe alisema niichukue miche, mradi isichomwe. Haikuwa kazi rahisi. Udongo wa kwetu ni mweusi, ukilowa unashika kama gundi, na yago hutanguliza mzizi mrefu kabla haujashughulika na majani. Miche kadhaa ilikatikia mikononi mwangu. Iliyobaki niliitia kwenye mifuko, nikaiweka kivulini Migori. Mingine ilioza shingo kwa maji mengi, mingine ikaliwa na mchwa kutoka chini, na kila mmoja ulipokufa niliutupa haraka ili nisiutazame sana. Mwishowe ikabaki miwili. Sikuiuza. Niliipanda kando ya mto, chini ya kitalu.

Kiangazi kilichofuata Mama alikuja Migori kutibiwa macho. Sikuwa nimekusudia kumpeleka pale, lakini aliuliza. Mche mmoja ulikuwa umetafunwa juu mpaka ukabaki kijiti kikavu. Wa pili ulikuwa na majani machache, yamepauka kwa vumbi.

"Mbuzi hupita hapa?" aliuliza.

Nilimwambia hupita wakienda kunywa maji. Akaniambia nilete panga. Nikakata matawi ya miiba kwenye ua, naye akanishikia huku nikiyapanga kuuzunguka ule uliosalia. Kile kijiti kikavu hakukitaja, nami sikukitaja.

"Alikuwa anaogopa mbuzi," alisema. "Alipokuwa mdogo. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mpaka siku hiyo, kila alipomtaja, Mama alisema anapenda hiki, hataki kile, kama mtu ambaye yuko safarini.

Mikono yake ilikuwa imechubuliwa na miiba, lakini hakutaka kushuka mtoni kunawa. Nilienda nikachota maji kwa jagi, nikammiminia pale pale aliposimama.