Usiku Fundi Kaza Alipoinama

Mdogo wangu alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini na mmoja, na mtaa mzima ulimwita Fundi Kaza. Kinachovuja, kaza. Kinachotikisika, kaza. Hata bawaba za kabati la mkewe alizikaza mpaka mlango ukagoma, na wifi yangu akavaa gauni moja siku tatu. Tangu hapo likawa linafunguliwa kwa kulibenua na mpini wa mwiko.

Utotoni alitutia aibu kwa jambo moja: hakuamkia watu. Mgeni akiingia, yeye kasimama wima kama nguzo, anamkodolea macho. Kazi hiyo mama akanipa mimi. Nasimama nyuma yake, kiganja kisogoni, nasukuma chini, nasema, "Amkia." Kichwa kinashuka, salamu inatoka. Nilifanya hivyo mpaka akaota ndevu, na sijapata kuambiwa ahsante.

Alipostaafu akashikwa na ugonjwa wa samaki. Chini ya daraja letu, upande wa kiwanda cha barafu, taa zikiwaka usiku maji hugawanyika: huku mwanga, huku kivuli. Kwenye mpaka wa kivuli hujipanga samaki warefu kama benchi, magamba yao mapana yanang'aa kama vifuniko vya sufuria mpya, wakingoja kamba wadogo wanaoletwa na maji yanayokupwa. Haliki samaki huyo, miba imezidi nyama. Wavuvi wa pale humvuta mpaka kwenye ngazi za zege, wakamgusa, wakachukua gamba moja, wakamwachia. Ndiyo heshima yenyewe.

"Yaani unakesha ili uguse samaki?" wifi alimwuliza.

"Kamguse wewe, kama ni rahisi."

"Mimi nina sufuria za kugusa."

Sasa samaki huyu akinasa huruka hewani na kutikisa kichwa kama anayekataa posa. Hapo hapo mvuvi anatakiwa ainame, ashushe fimbo ya kuvulia, mshipi ulegee. Ukikaza tu, umekatika. Mdogo wangu alielezwa, akaonyeshwa, akachorewa juu ya boksi la spana. Samaki wa kwanza akaruka, yeye akakaza. Wa pili, akakaza. Walipofika tisa, wenzake wakaacha kumpa pole.

Kisha mwanawe mkubwa akaja na habari. Goti la baba halipandi tena ghorofa ya tatu, Jumamosi wanahamia kwake bara, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya kwenye tangi. Kaza hakubisha. Alisema tu kwamba ana miadi Ijumaa usiku.

Ijumaa wifi akabaki kufunga mizigo, mimi nikatumwa nikamshikilie kwenye ngazi. Malori yanapita juu yetu, zege inatetemeka, mimi nimekalia ndoo nimejifunga kanga mbili.

"Dada, usiongee. Samaki wanasikia."

"Wamekusikia wewe ukipiga chafya mara sita."

Saa saba maji yakaanza kupwa. Akamtupa kamba wake kwenye kivuli, na kabla sijamaliza kukuna goti, fimbo ikapinda. Kigurudumu cha mshipi kikalia. Mle gizani kitu cheupe kikapanda, kikapanda tena, kikasimama hewani chini ya taa, na nikaona mabega ya mdogo wangu yanapanda vile vile kama anapokaza koki.

Sikufikiri. Niliinuka, nikaweka kiganja kisogoni, nikasukuma.

"Amkia."

Kichwa kikashuka, fimbo ikashuka, mshipi ukalegea. Samaki akatua majini kwa kishindo, bado tunaye. Aliruka mara tano zaidi. Mara nne nikasukuma. Ya tano mdogo wangu aliinama mwenyewe, na ilipita nusu saa hivi ndipo samaki akalala ubavu kwenye ngazi, jicho kama kisosi. Mdogo wangu, mzee wa miaka sitini na saba, akashuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, akamwekea mkono mgongoni. Akachukua gamba moja, akamwachia.

Nyumbani wifi aligeuza gamba lile kwenye taa.

"Kwa hiyo hukukaza?"

"Nililegeza," akasema, kifua mbele.

"Unajua kulegeza?" Wifi alimtazama, kisha akatazama kabati. "Tangu lini?"

Alfajiri ile, kabla gari la mizigo halijafika, Fundi Kaza alitoa bisibisi akalegeza bawaba zote. Kabati likashushwa ghorofa tatu mlango ukipigapiga, na wifi akilifuata nyuma anacheka peke yake.

Kwa mwanawe anasimulia kwamba aliinama kwa akili yake. Mimi nikienda kuwatembelea nakaa nyuma yake tu, sinyooshi hata mkono, na bado anaamkia wageni upesi sana.